Parachichi na Dodo Iliyochemshwa Mara Mbili

Niseme mapema, nisije nikadhaniwa nina kisa na tunda: parachichi ni chakula bora kuliko dodo. Lina mafuta mazuri, linashibisha, linafaa kwa mtoto na kwa mjamzito, linalainisha hata ngozi ya mtu mwenye roho mbaya. Dodo, ambayo kule Ngara nilikokulia tuliiita mchicha, ni majani. Inaongeza damu, sikatai, lakini ukiikata, ukaichemsha kwa maji mengi, ukayamwaga, ukaichemsha tena na kumwaga tena, kinachobaki kwenye sufuria ni rangi ya kijani na uvumilivu. Hicho ndicho nilichokuwa nikimlisha baba yangu hapa Kigali, na kwa hicho nikapewa jina ambalo ninalo mpaka leo.

Aliyetueleza tofauti ya vitu hivi viwili alikuwa mtaalamu wa lishe wa hospitali, msichana mwenye kucha za rangi ya waridi. Tulikaa mbele yake watatu: baba, kaka yangu na mimi. Daktari alikuwa ameshasema kwamba figo za baba zimechoka. Baba naye alikuwa ameshasema kwamba hatafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu kama gari linalobadilishwa oili. Alikuwa dereva wa malori, Dar es Salaam mpaka Kigali, mpaka macho yalipokataa, na kila jambo la dunia alilieleza kwa lori. Mashine akaikataa, na kilichobaki cha kumweka hai kikawa chakula.

"Mzee unapenda kula nini?" msichana akauliza.

"Parachichi," baba akasema. "Na ndizi. Na parachichi juu ya ndizi."

Msichana akacheka, halafu akaacha kucheka. Akatueleza kwamba ndani ya vyakula kuna kitu kinaitwa potasiamu, na kwamba figo nzima hukitoa mwilini bila mtu kujua. Figo zilizochoka hukiacha kijikusanye kwenye damu, mpaka siku moja moyo unasahau kupiga. Parachichi limejaa kitu hicho. Ndizi hali kadhalika. Dodo mbichi nayo imejaa, tena sana. Tofauti ni kwamba dodo inakatwa, inachemshwa, na yale maji yakimwagwa yanaondoka na sehemu kubwa ya ubaya wake. Parachichi hakuna anayeweza kulifua.

Kaka yangu ana sauti ya ofisini ambayo huitoa akiwa na watu wenye makoti meupe. Akauliza kwa sauti hiyo: kati ya hivi viwili, kipi hasa kina faida zaidi mwilini?

"Kwako wewe, parachichi," msichana akamjibu. "Kwa mzee, ni ile dodo iliyokwisha faida. Yeye anatakiwa kula kitu kilichokwisha."

Baba alimtazama yule msichana kama polisi wa mizani ya njiani. Alisubiri tukatoka, tukafika kwenye korido, akatushika mimi na kaka, kila mmoja mkono wake.

"Hili halitoki hapa," akasema. "Mtu akiuliza, baba yenu ana vidonda vya tumbo."

"Na shangazi?" nikauliza. Shangazi ni dada yake wa kumfuata, mwanamke ambaye hajawahi kukaa na neno moja mdomoni mpaka jioni.

"Hasa shangazi yenu."

"Na mke wangu?" kaka akauliza.

"Mkeo ni mkwe wangu. Unataka mkwe wangu ajue ninavyokojoa?"

Kaka akainamisha kichwa. Watu wa kwetu wanaficha ugonjwa kuliko wanavyoficha wizi. Mwizi anaweza kusema alisingiziwa, lakini mgonjwa wa figo anatazamwa na kila anayeingia, akipimwa kwa macho kama mbuzi wa sikukuu. Baba alikuwa mtu wa kusimama wima, wa kufunga kifungo cha shati mpaka shingoni, na alitaka afe hivyo hivyo. Nilimwelewa. Sikujua tu kwamba ni mimi nitakayemshikilia asianguke.

Ilionekana wazi kwamba atakaa kwangu, mtaa wa Gitega. Kaka ana nyumba yenye geti kule juu ya Sonatubes, ana bafu mbili, lakini kaka ana mke na mimi nimeachika. Mwanamke aliyeachika katika familia ni kama gari la akiba, kila safari ya dharura ni ya kwake. Nikamwachia baba chumba changu, mimi nikahamia sebuleni.

Nilifanya kila nililoambiwa na yule msichana wa kucha za waridi. Dodo niliichemsha mara mbili. Viazi niliviloweka, nikavichemsha, nikamwaga maji, nikavichemsha tena. Chumvi ikaondoka mezani. Maharage yakaondoka, nyanya zikaondoka, ndizi zikaondoka, na katika nyumba ya mtu wa Ngara ndizi zikiondoka ni kama mwenye nyumba ameondoka. Nilikuwa natoka kazini Nyabugogo, ambako nauza tiketi za mabasi dirishani na kutukanwa kwa lugha nne, nafika nyumbani miguu imevimba, nawasha jiko na kuanza kumwaga maji ya kijani kwenye mtaro. Halafu nampelekea sahani, nasimama mlangoni kumsubiri aseme. Maana alikuwa lazima aseme.

"Umeipika hii dodo mpaka imesahau jina lake," aliniambia siku ya kwanza, nikacheka. Nilidhani ni utani.

Baadaye: "Mbuzi angeletewa hii angeita polisi."

Baadaye tena: "Sasa naelewa kwa nini mumeo alikukimbia. Alikuwa na njaa."

"Alikimbia akiwa mnene," nikamjibu. "Kula."

Alikula. Ndiyo sababu nilivumilia: kwamba alikula, na alikuwa anatembea. Alikuwa anaamka asubuhi anatoka mpaka kwenye kona wanakokaa waendesha pikipiki, anawafundisha kuendesha vitu ambavyo hawatawahi kuvimiliki, anarudi. Nikimpeleka kupimwa, yule msichana anainua macho kutoka kwenye majibu anasema, "Mama, unafanya kazi nzuri." Ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia hivyo. Baba alikuwa amekaa pale pale, akajifanya anatafuta kofia yake.

Mimi mwenyewe napenda parachichi kupita kiasi. Pale Nyabugogo mchana tunakula melanje: unapewa sahani moja, unapanga juu yake wali, maharage, ndizi, tambi, majani, vyote kwa mara moja kwa sababu huruhusiwi kurudi kuongeza, na juu kabisa unaweka nusu ya parachichi kama paa. Nilikuwa nakula huko huko, nikipangusa mdomo vizuri kabla ya kupanda kwenda nyumbani. Jioni moja nilisahau. Baba aliniangalia midomo inavyong'aa.

"Lilikuwa limeiva vizuri?" akauliza.

Nikaenda kuwasha jiko. Niliumia, lakini niliumia zaidi kwa sababu alijua nitaumia na ndiyo maana aliuliza.

Kilichoniharibia ni wageni. Huku mtu hatembelei mgonjwa mikono mitupu. Wanakuja wa kanisani, wanakuja wa zamani wa Ngara, wanakuja madereva wastaafu wenye migongo mibovu, na kila mmoja ana mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko ni maparachichi, marakuja, yaani pasheni, na ndizi za kuiva. Huwezi kumrudishia mtu zawadi ya mgonjwa, ni kama umemwambia umeona sumu mkononi mwake. Napokea kwa mikono miwili, nashukuru, napeleka jikoni. Baba anasindikiza ule mfuko kwa macho mpaka pazia linapoanguka. Wageni wakiondoka, ule mfuko hauoni tena.

Matunda hayawezi kukaa jikoni, yataoza, na baba ana miguu. Kwa hiyo asubuhi nayabeba kwenda nayo kazini, nagawa kwa wenzangu wa dirishani. Majirani zangu wa Gitega hawana kazi nyingine zaidi ya kutazama nani anatoka na nini. Haikuchukua muda, mji mzima wa watu wetu ukajua kwamba binti anakula matunda ya baba yake mgonjwa, na kumwachia majani.

Na baba aliwasaidia. Mgeni akiingia wakati wa chakula, alifunua ile sahani polepole, akaiinamisha kidogo ili ionekane vizuri, akasema, "Karibuni, jamani. Tule." Mgeni akitazama yale majani yasiyo na chumvi wala kitunguu, kisha akinitazama mimi, baba alikuwa anashusha macho kama yatima. Nilitamani kumrushia ile sahani. Nasema kweli.

Shangazi akaja. Alileta maparachichi ya mti wa nyumbani kwake, makubwa, yale yenye shingo ndefu, na hakunikabidhi mimi. Aliyaweka mapajani akakaa mbele ya kaka yake akimtazama anavyotafuna.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Dodo, shangazi."

"Imefanya kosa gani?"

Baba akacheka mpaka akakohoa. Shangazi hakucheka.

"Tangu lini mgonjwa analishwa adhabu?" akasema. "Kwetu mgonjwa haulizwi uji, anapewa. Wewe hata uji humpi, unampa maji ya kuoshea mboga. Kaka yangu amekonda mpaka saa inamzunguka mkononi. Vidonda vya tumbo ndivyo hasa vinavyotaka parachichi, linapaka tumbo kwa ndani. Kila mtu anajua."

Nilimtazama baba. Neno moja tu lingetosha. Angesema tu, "Mwache, ni daktari kasema." Hata asitaje figo. Baba alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukuta wa jirani, akautazama ule ukuta mpaka dada yake alipomaliza kunitukana.

Jumapili, baada ya ibada, tukaitwa kwa kaka. Kikao cha familia, soda mezani, watu wamevaa nguo za kanisani na nyuso za kanisani. Shangazi akaongea. Mzee mmoja wa Ngara akaongea, akasema mtoto anayemficha mzazi chakula anajifungia mlango wa baraka. Wifi yangu, mke wa kaka, hakuongea, aliwamiminia watu soda tu na kunipa mimi ya kwangu bila kunitazama. Nikamgeukia kaka. Yeye alikuwa mle chumbani hospitalini. Yeye ndiye aliyeuliza lile swali lake la ofisini na akajibiwa.

"Nadhani," kaka akasema, "kila mtu amefanya kwa uwezo wake."

Hilo ndilo alilosema, halafu akanywa Fanta. Sikuwa nimewahi kumchukia ndugu yangu mpaka pale. Wakaamua mzee ahamie Sonatubes, akapate matunzo. Baba akasema yeye hana neno, atakwenda wanakotaka watoto wake. Akalisema kwa unyenyekevu mkubwa, mtu aliyewahi kumshusha marehemu mama yetu njiani na mizigo yake kwa sababu alimwambia apunguze mwendo.

Wakati wa kupakia vitu vyake kwenye gari nilimvuta kaka pembeni.

"Mwambie mkeo," nikasema. "Mvunjie baba neno lake, mwambie mkeo. Atamwua bila kujua."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nimesema nitamwambia."

Sasa lazima mtu aelewe kitu kimoja, maana ndicho baba alichokielewa mapema kuliko sisi wote. Binti anaweza kumkatalia baba yake. Anaweza kumwambia hapana, kula hicho, nyamaza, na akitukanwa anarudisha. Mkamwana hawezi. Kwa desturi yetu mke wa mwanao halitaji hata jina lako, hakai mahali ulipokaa, na ukimwomba kitu hatafuti sababu, anatafuta sahani. Baba hakuhamia Sonatubes kwa sababu ya bafu mbili. Alihamia kwenye nyumba ambayo mwenye jiko hana ruhusa ya kumwambia hapana.

Na wifi yangu alimpenda, hilo nalo niliseme. Yeye alikulia Uganda, akaolewa hajui Kiswahili kabisa, lakini nyumba ya baba ilikuwa nyumba ya Kiswahili, mzee alikataa kuamkiwa kwa lugha nyingine. Akajifunza. Alijifunza kama watu wanavyojifunza kuogelea, kwa kunywa maji mengi, na mpaka leo anavuruga kila kitu. Lakini alijifunza kwa ajili ya mzee, na mimi, kwa hasira yangu yote, sikuwahi kujifunza kitu kwa ajili ya mtu.

Nilikwenda kumwona baba baada ya kukaa kwanza nyumbani na kununa. Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha kaka, amevaa soksi mpya. Wifi akaja mbio kunipokea.

"Wifi, ona papa! Iko ananenepa! Kwako ilikuwa mifupa tu, disi, masikini. Kumbe mzee anataka tu chakura na upendo."

Nikatazama miguu ya baba. Soksi zilikuwa zimechimba mfereji kwenye nyama. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Ule haukuwa unene, yalikuwa maji. Yule msichana wa hospitali alituonyesha kwa kidole kwenye mguu wake mwenyewe: ukibonyeza na shimo likabaki, njooni mbio. Sikuhitaji kubonyeza.

Wifi akapiga magoti mbele ya baba na sahani. Alikata parachichi kwa urefu, akalizungusha, akatoa kokwa, akalichonga vipande vyembamba, akakamulia limao na kunyunyiza chumvi. Alifanya kwa uzuri, siwezi kusema vingine. Baba alikula akiwa amefumba macho.

"Asubuhi anakula moja, jioni moja," wifi akanieleza. "Saa zingine ananiomba na ingine katikati. Mimi simunyimi. Sisi huku hatunyimi mutu."

Alikwenda jikoni kuleta chai, tukabaki wawili.

"Kaka hajamwambia," nikasema.

"Amwambie nini?"

"Baba."

Akafumbua macho. Aliramba kidole.

"Mimi namwambia sasa hivi," nikasema. "Akirudi na hiyo chai namwambia."

"Mwambie. Anirudishe kwako, nife na majani mdomoni." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona tangu macho yalipomkataa na lori likauzwa. "Unadhani sijui? Mimi nimeendesha gari lenye breki mbovu, najua linavyokuwa. Wewe ulinipikia nisife, mwanangu. Huyu ananipikia nile."

"Na mimi wananiita mchoyo. Kanisani, kazini, mtaani. Mpaka lini?"

"Uchoyo si ugonjwa," baba akasema. "Utazoea."

Wifi akaingia na chai. Baba alimnyooshea sahani tupu huku ananitazama mimi, na wifi akaichukua kwa mikono miwili, akaenda kukata lingine. Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi na maziwa mengi na tangawizi, nikainywa yote. Nilikuwa nimechoka kuwa mbaya kwa ajili ya mtu anayetaka kufa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni, basi na life likiwa limeshiba. Nikaaga, nikapanda pikipiki, na njia nzima nililia ndani ya ile helmeti ya dereva yenye jasho la watu wengine.

Alikufa asubuhi, akinawa uso. Wifi aliyemkuta anasema alikuwa ameinama kwenye sinki kama mtu anayetafuta kitu. Daktari alisema ni moyo. Hakusema parachichi, na mimi sisemi daktari alikosea.

Huku watu wakitoka makaburini hawatawanyiki. Wanakwenda mahali kunawa mikono, wanakaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, wanapewa soda, na familia inasimama kueleza marehemu aliuguaje na nani alimwuguza. Ilikuwa uwanjani kwa kaka. Wenzangu wa dirishani walikuwa wamekuja, wamekaa safu ya nyuma. Kaka akasimama akasema baba alisumbuliwa na vidonda vya tumbo. Alilisema bila kupepesa. Halafu akampa mke wake maiki, kwa sababu ndiye aliyekuwa naye siku za mwisho.

Wifi alilia kwanza. Akasema papa alikuja kwake akiwa mifupa, na kwamba Mungu alimpa neema ya kumuona ananenepa tena. Akasema mpaka jioni ya mwisho aliomba parachichi na alipewa. Watu wakaguna kwa kuridhika, kama wanavyoguna kanisani. Angeishia hapo ningekaa kimya mpaka kaburini kwangu. Lakini akaongeza, "Kuko watu wanapatia muzee majani. Sisi tulimupatia roho yetu." Vichwa vikageuka kunitafuta. Hata wa safu ya nyuma waligeuka, watu niliowagawia yale matunda kwa mkono wangu.

Nilimsubiri. Alipotoka kwenda nyuma ya nyumba kunawa uso nikamfuata. Alikuwa peke yake kwenye bomba. Nikamwambia yote, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili rahisi ili asikose hata neno. Nikamwambia figo. Nikamwambia yule msichana wa lishe na maji yanayomwagwa. Nikamwambia soksi na shimo la mguuni. Nikamwambia kwamba kila parachichi alilochonga kwa ule uzuri wake lilikuwa linakwenda moja kwa moja kwenye moyo wa mzee. Nilitaka aumie. Sisemi hivi kwa kujuta, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ningeambiwa nirudie ningerudia.

Aliniacha nimalize. Bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika miguuni kwake, kwenye viatu vyeusi vya msiba.

"Bwana yangu alikuwa anajua?" akauliza.

"Alikuwa hospitalini na sisi."

"Na wewe ulikuja. Ulikaa pale, ukakunywa chai."

"Nilikunywa."

Akafikiri. Nilikuwa nasubiri apige kelele, anirukie, nilikuwa nimejiandaa hata kwa makofi. Aliuliza polepole, akitafuta kila neno. "Papa yeye... alikuwa anajua kama mimi sijui?"

"Alijua."

"Na alikuwa ananiomba."

"Ndiyo."

Hakulia. Alifunga bomba. Ningependa kusema nilimwonea huruma pale pale, lakini nilichokihisi ni kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine duniani anayemjua baba yangu. Hapo shangazi akatuita kwa sauti ya kutisha, kwamba mkamwana anatafutwa mbele, watu wanasubiri. Tukarudi pamoja.

Shangazi alikuwa amesimama na maiki. Akasema kaka yake, siku chache kabla hajafa, alimwita kitandani na kumpa agizo. Alisema: huyu mkamwana wangu amenitunza kuliko damu yangu, nikiondoka mpeni ng'ombe kwa jina langu. Uwanja mzima ukalipuka vigelegele na makofi. Kwetu hakuna heshima inayopita hiyo, na anayepewa ng'ombe hanyamazi: anasimama, anamtaja aliyempa, anasema mbele ya watu kwamba fulani alimpa ng'ombe, na atalisema hivyo maisha yake yote, akiapa, akishangaa, akijikwaa.

Wifi alisimama katikati na maji kwenye viatu. Watu wakamsubiri. Kaka alikuwa anamtazama, na nadhani ndipo alipojua kwamba nimesema, kwa sababu alishusha chupa yake chini taratibu. Wifi hakumtazama. Akainua mikono yote miwili, kama inavyotakiwa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma kwamba baba mkwe wake alimpa ng'ombe. Makofi yakapigwa tena. Akaja kukaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, na kilichokuwa wazi ni cha pembeni yangu.

"Sasa haya mimi nitamwambia nani?" akaninong'oneza.

"Hakuna," nikamjibu. "Kaa vizuri, wanatupiga picha."